Mwamba Ngoma na Sanduku la Treni

Wahenga walituachia methali mbili ambazo kwa miaka mingi nilizifundisha kila moja mahali pake, bila kufikiri kwamba siku moja zingekutana juu ya meza moja. Ya kwanza yasema, mali bila daftari hupotea bila habari. Ya pili yasema, mwamba ngoma huvutia kwake. Ya kwanza yataka kila mali iandikwe na ipewe thamani yake. Ya pili yatuonya tumtazame vizuri huyo aliyeshika kalamu. Kwangu mimi methali hizo zilikutanishwa na sanduku la vichezeo, yaani treni za bati ambazo mimi na ndugu zangu tulizichezea Tabora tukiwa watoto.

Mama yetu alifariki mwaka 2022 akiwa amepita miaka tisini. Kikao cha ukoo kiliniteua mimi, kifungua mimba wake, niwe msimamizi wa mirathi, na mahakama ya mwanzo ikanithibitisha. Mali haikuwa kubwa: nyumba, kiwanja kimoja, cherehani, vyombo vya ndani na akiba kidogo ya benki. Kila kitu tulikiorodhesha, na mbele yake tukaandika thamani. Tulipofika uvunguni mwa kitanda tukakuta lile sanduku, limefungwa kwa kamba ya katani, na ndani yake kila behewa limeviringishwa katika kitambaa. Niliandika maneno "treni za kuchezea" bila taabu. Kwenye safu ya thamani kalamu ikasimama.

Ilikuwa rahisi kuandika sifuri, nikaongeza neno "kumbukumbu", na jambo likaisha. Nani angebisha? Lakini mimi mwenyewe nilijua kwamba nalitaka sanduku lile. Na mtu anayetaka kitu ndiye wa mwisho anayestahili kusema kwamba hakina bei.

Treni zenyewe zilitufikia hivi. Baba yetu alikuwa fita katika karakana ya reli Tabora, mji ambao reli ya kati iliufikia mwaka 1912 kabla ya kuendelea hadi Kigoma mwaka 1914, na ambao tangu mwaka 1928 umekuwa pia njia panda ya kwenda Mwanza. Mwaka 1962, muda mfupi baada ya Uhuru, afisa mmoja Mwingereza wa reli alikuwa akifungasha mizigo kurudi kwao. Vichezeo vya mwanawe, aliyekwisha kuwa kijana, hakutaka kuvibeba. Akampa baba. Mimi nilikuwa na miaka 11, mdogo wangu miaka minane, na dada yetu ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kutembea.

Ndani mlikuwa na vichwa viwili vya treni, kimoja kijani na kimoja cheusi, mabehewa saba, stesheni ya bati, na vipande vya reli vilivyounganishwa vikawa njia ya mviringo. Hakukuwa na umeme ndani yake. Vichwa vile vilikuwa vya kutia ufunguo, kama saa ya mezani: ukikaza ufunguo springi hujikunja, na ukiachia hujikunjua polepole, ikazungusha meno, na meno yakazungusha magurudumu. Baba hakuturuhusu kucheza bila kujifunza. Siku moja alipima kwa rula upana wa reli ile ya kuchezea akapata milimita 32, kisha akatuambia kwamba kichezeo hicho ni kama sehemu moja ya 45 ya treni yenyewe. Tukazidisha, tukapata milimita 1440. Akacheka, akasema reli yetu ya Tabora ni milimita 1000 tu, hivyo hii si yetu, hii ni ya kwao, maana reli za Uingereza zina upana wa milimita 1435. Treni za abiria za upana huo zilianza kwenda kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, lakini sisi tulikuwa nazo sakafuni tangu mwaka 1962. Baadaye, nilipokuwa mkufunzi na kisha mkuu wa chuo cha ualimu, somo la uwiano nilianzia kwenye hadithi hiyo.

Mwaka 1963 springi ya kichwa cha kijani ilikatika. Baba alitoa springi ya saa mbovu, akaikata, akaipachika, na kichwa kikaenda tena, ingawa kwa mwendo wa kushtukashtuka. Kwa kuwa alikuwa amekwisha kukichubua kwa bisibisi, akakipaka rangi upya, si ya kijani tena bali ile rangi ya damu ya mzee iliyopakwa kwenye injini za Afrika Mashariki. Ubavuni akaandika kwa brashi nyembamba herufi EAR. Sisi tuliona kwamba sasa kimekuwa chetu. Shirika lile la reli lilivunjika mwaka 1977 pamoja na Jumuiya, lakini herufi zake zilibaki uvunguni mwa kitanda cha mama.

Sasa turudi kwenye safu ya thamani. Mtoto wa dada yangu, kijana mwerevu wa simu, alitafuta kwenye intaneti jina lililochapwa tumboni mwa kila behewa, Hornby, akaja mbio. "Mjomba, tazama," akaniambia. Kulikuwa na tangazo la treni iliyofanana na yetu, na bei yake pauni 3000. Kwa kiwango cha fedha cha siku hizo tulichokitumia, pauni moja kwa shilingi 3000, hiyo ilikuwa milioni tisa. Kabla ya jua kuzama habari ilikwisha kumfikia mama yake. Dada yetu ni mjane, na nyumba aliyoianza na marehemu mumewe imesimama kwenye linta. Usiku ule alinipigia simu kuniuliza bei ya mabati. Hakulitaja sanduku, lakini nilielewa.

Hapo ndipo nilipokumbuka kazi yangu ya zamani. Katika vyuo vya ualimu tulifundisha somo la upimaji na tathmini, na mambo mawili niliyarudia kila mwaka mpaka wanachuo wakachoka kuyasikia. La kwanza ni kwamba alama haitolewi kwa macho ya huruma wala ya hasira, hutolewa kwa mwongozo wa usahihishaji uliokubaliwa kabla ya kufungua karatasi. La pili ni kwamba mwalimu hasahihishi peke yake karatasi ya mwanawe. Si kwa sababu ni mwizi. Hata mwaminifu, kalamu yake itaegemea upande: wengine humwongezea mtoto kwa mapenzi, wengine humpunguzia kwa kuogopa kusemwa, na wote wawili hawakupima. Basi nikawaambia ndugu zangu kwamba mimi ni msimamizi, tena nalitaka sanduku, kwa hiyo sitasema bei yake. Kazi yangu itakuwa kutafuta wasiolitaka, waseme wao.

Mwongozo wa kupima vichezeo vya namna hii upo, na kwa kuwa huenda nawe, ndugu msomaji, ukakuta sanduku kama hilo katika nyumba ya mzee wako, nitaueleza kadiri nilivyojifunza.

Kwanza hutambuliwa kitu ni cha nani na cha lini. Frank Hornby alikuwa mtu wa Liverpool, aliyepata hataza mwaka 1901 ya vichezeo vya vyuma vya kuunganisha kwa skrubu, ambavyo baadaye viliitwa Meccano. Mwaka 1920 kampuni yake ikatoa treni ya kwanza ya kutia ufunguo. Mwaka 1938, miaka miwili baada ya kifo chake, zikaja treni ndogo zaidi ziitwazo Hornby Dublo, zenye reli ya milimita 16.5. Kampuni ilichukuliwa na Lines Bros mwaka 1964, na kiwanda cha Binns Road kilifungwa mwaka 1979. Jina la Hornby bado liko madukani hadi leo, likiwa mikononi mwa wenye mali wengine. Kwa hiyo jina peke yake halitoshi. Kichwa kiitwacho Princess Elizabeth, kilichotolewa mwaka 1937, na kichwa kidogo cha ufunguo cha miaka ya 1950 vyote huitwa Hornby, lakini cha kwanza kilitengenezwa kwa ajili ya wachache na cha pili kwa ajili ya watoto wa watu wa kawaida. Vyetu vilikuwa vya miaka ya 1950, vile vya watoto wengi. Kilichouzwa kwa wingi mno hakipandi bei kwa kuzeeka tu.

Pili hutazamwa ukamilifu. Ufunguo upo? Reli zinatosha kufunga mviringo? Na lile boksi la karatasi, ambalo mtoto hulitupa siku ya kwanza, lipo? Wakusanyaji hulipia boksi kwa sababu ndilo lililosalia kwa uchache. Mama yetu, ambaye hakutupa hata kipande cha uzi, alikuwa ametunza maboksi manne kati ya yale ya mabehewa. Akiba haiozi.

Tatu ni hali yenyewe. Hapa sheria ya soko ni kali na inaumiza wengi: rangi iliyochakaa ya kiwandani ni bora kuliko rangi mpya ya nyumbani. Anayesafisha kwa sabuni na brashi ya waya, akidhani anaongeza bei, anaifuta. Hali kadhalika kuna ugonjwa wa ile aloi ya zinki iliyotumika kumimina magurudumu na vipuri, hasa kabla ya Vita vya Pili vya Dunia. Palipoingia madini ya risasi kidogo, aloi hiyo huvimba na kupasuka yenyewe kwa miaka, hata ikiwa kabatini. Vyetu, kwa bahati, havikuwa na ugonjwa huo.

Nne ni mnunuzi. Bei iliyo kwenye tangazo ni maneno ya muuzaji, na muuzaji anaweza kuomba hata mwezi. Linalohesabiwa ni lile lililolipwa. Nilimwonyesha mpwa wangu jinsi ya kutafuta vitu vilivyokwisha kuuzwa badala ya vile vinavyosubiri kuuzwa, na tukakaa naye jioni nzima tukiandika. Treni kama zetu zilikuwa zimeuzwa kwa makumi ya pauni, si kwa maelfu. Lile tangazo la pauni 3000 lilikuwa bado lipo, kwa sababu hakuna aliyelinunua. Tena wanaovipenda zaidi vichezeo hivi ni wale waliovichezea utotoni, na kizazi hicho, ambacho ni changu, kinapungua kila mwaka.

Baada ya hapo nilipiga picha kila kitu, juu na chini, pamoja na mikwaruzo, nikazituma kwa watu wawili ambao hawakujuana. Mwanafunzi wangu mmoja wa zamani anayeishi Uingereza alizifikisha kwenye nyumba ya mnada wa vichezeo. Mwingine alizionyesha kwa mkusanyaji mzee. Majibu yakaja kwa maandishi. Wa kwanza alisema kati ya pauni 80 na 120 kwa vyote. Wa pili alisema pauni 100. Kilichobeba bei ni kichwa cheusi na yale mabehewa yenye maboksi yake. Kichwa cha baba, kile cha rangi ya damu ya mzee, kilipewa pauni 10 na wote wawili, na mmoja akaongeza kwamba hizo ni kwa ajili ya vipuri tu.

Sikubisha. Mwongozo ni mwongozo. Mkusanyaji wa Uingereza hatafuti mkono wa baba yangu. Anatafuta mkono wa kiwanda. Kwake yeye herufi EAR ni uharibifu, na ana haki ya kusema hivyo, kwa kuwa fedha ni zake. Nilichokataa ni mambo mawili yanayofanywa mara nyingi katika mirathi, nayo hufanana kwa sura ingawa yanaelekea pande mbili. Moja ni kusema, "Hiki ni kumbukumbu, hakina bei, basi nakichukua." Jingine ni kusema, "Hiki ni kumbukumbu kubwa, basi atakayekichukua alipe mno." Kumbukumbu ile ilikuwa yetu sote watatu kwa sawa. Haiwezi kutumika kumpunguzia mmoja wala kumwongezea mwingine mzigo.

Tulikutana watatu nyumbani kwa mama. Dada yetu aliuliza swali moja tu: "Kaka, nani kasema bei hii?" Nikamwekea barua mbili mezani pamoja na tafsiri ya mpwa wangu, kwa maana alikuwa amemwamini mwanawe kuliko mtu yeyote katika jambo hili. Akazisoma polepole, barua na tafsiri. Milioni tisa zilikuwa zimegeuka kuwa laki tatu na ushee, na kila mmoja wetu aliona mabati yakiondoka machoni pake. Alipomaliza akasema, "Ungesema wewe peke yako, ningekubali kwa heshima. Lakini usiku nisingelala."

Maneno hayo nimeyaweka moyoni kuliko vyeti vyote nilivyopewa kazini. Kwa maana ni kweli. Katika familia zetu mdogo hambishii mkubwa kikaoni, hunyamaza, na kunyamaza kule ndiko kunakozaa ndugu wasiotembeleana kwa miaka ishirini. Watu husema walikosana kwa sababu ya shamba au ng'ombe. Mara nyingi walikosana kwa sababu ya bei iliyotajwa na mtu aliyekuwa na haja na kitu hicho hicho.

Likabaki swali moja ambalo mdogo wangu alilianzisha, na lilikuwa swali zuri. Alisema kama tungeuza kweli, tungelipa usafirishaji wa sanduku zito kutoka Tabora hadi Uingereza, na nyumba ya mnada ingekata ada yake. Kingebaki nusu, au pungufu ya nusu. Basi kwa nini tusiandike hiyo nusu? Hesabu yake ilikuwa sahihi, na ilinifaa mimi niliyetaka kununua. Nilimjibu kwamba gharama hiyo ingekuwa halali kama ingetumika. Sanduku likibaki nchini, hakuna meli, hakuna posta, hakuna ada. Nikiikata gharama isiyotumika, nitakuwa nimejilipa kazi ambayo hakuna aliyeifanya. Tukaandika pauni 120, ukomo wa juu wa makadirio, sawa na shilingi 360,000.

Kisha nikalitoa sanduku kwa wote kwa bei hiyo, nikianzia kwa kitinda mimba. Dada akakataa, akasema yeye anahitaji saruji. Mdogo wangu naye akatikisa kichwa. Nikalinunua mimi, nikaweka mezani sehemu ya kila mmoja, shilingi 120,000. Mdogo wangu alisukuma yake kuelekea kwa dada. Hilo lilikuwa lake yeye, sikuliingiza katika hesabu za mirathi.

Sidai kwamba laki moja na ishirini iliezeka nyumba. Haikuezeka. Nataka kusema tu kwamba sanduku dogo ndilo lililotufundisha njia kabla hatujafika kwenye kiwanja, ambacho kilikuwa na fedha za kugombewa kweli. Tulipofika huko, hakuna aliyeuliza nani atasema bei. Tulikwisha kujua kwamba si mmoja wetu.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukikuta vichezeo vya zamani, usivioshe, usivipake rangi, usitupe boksi lake wala ufunguo wake. Piga picha. Soma maandishi ya chini. Tafuta bei zilizolipwa, si bei zinazotakwa. Waulize watu wawili wasiojuana na wasionunua, na majibu yao yawe kwenye karatasi. Lakini kabla ya yote hayo jiulize kama wewe unakitaka, na ukikitaka, sema hivyo mbele ya wenzako mapema, kabla bei haijatajwa.

Sanduku sasa liko kwangu. Kwenye kifuniko, kwa ndani, nimebandika karatasi inayoeleza limetoka wapi, lina vitu vingapi, nani walilithamini, na nililinunua kwa kiasi gani kutoka kwa ndugu zangu. Wanangu wakitaka kuliuza baada yangu, wasione aibu, na wasishangae wakipata pungufu ya nilicholipa. Mstari wa mwisho nimewaandikia kwamba atakayelitaka asiwe ndiye atakayelithamini.